Babu Akiwamba Kitanda

Wiki iliyopita mwalimu wetu wa jiografia alileta kamera darasani, akaifungua mgongo ili tuone tumbo lake lilivyo. Sote tukasogea. Ilitoka harufu ya ngozi ya kiatu kipya iliyochanganyika na kitu kichachu, kama siki iliyomwagika sandukuni ikasahauliwa. Nikainuka, nikatoka mbio, nikatapika nyuma ya darasa. Darasa zima la nane likapasuka kwa kicheko. "Ameanza huyo!" Mimi nimeshajulikana. Nikianguka wanadhani naigiza, nikiugua wananipigia makofi. Mwalimu akanipa adhabu ya kufyeka majani kwa kuharibu somo, nikafyeka. Hakuna aliyeniuliza kamera ilinifanya nini, na angeniuliza mtu ningemjibu kwa mzaha, maana mdomo wangu haujui njia nyingine. Basi nawaandikia ninyi, ambao hamwezi kunikatiza.

Kamera ya kwanza kuiona mimi ilikuwa ya Mjomba Salehe, kaka yake mama, karani wa stesheni ya Soga. Alipewa na Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anahama. Lilikuwa sanduku jeusi, ukubwa wake kama mkate wa boflo, lina jicho moja mbele, na juu lina kidirisha kidogo ambacho mpigaji anainama kuchungulia. Mjomba hakuwa mpiga picha wa kazi. Alipiga kwa kupenda tu, na hilo ndilo lililowashinda watu wa kijijini kwetu, upande wa Kisarawe. Kwao picha ilikuwa kitu cha kufunga safari mpaka mjini, ukaazima viatu, ukasimama kando ya meza yenye maua ya karatasi, ukakasirika mpaka Mhindi mwenye studio aseme basi. Mjomba yeye alipiga kuku akioga vumbi. Alipiga miguu ya Bibi tu, imetokeza chini ya kanga, anapepeta mpunga. Siku moja alipiga mlango wa jikoni, mtupu, hauna hata paka.

"Salehe," Bibi akamwuliza, "mlango huo umekukosea nini?"

"Si mlango, mama. Ni moshi. Tazama jua linavyouchoma."

"Moshi! Wenzio wanapiga picha za Liwali, mwanangu mimi anapiga moshi."

Picha zikirudi kutoka kusafishwa, Mjomba alikuwa na desturi ya kuandika mgongoni kwa penseli alichokuwa akikiwaza wakati ule. Nyuma ya kuku aliandika: "Hapa nawaza nitaoa lini." Nyuma ya miguu ya Bibi: "Hapa mama kanuna, uji umeungua." Mimi nilikuwa nimeanza kusoma herufi, nikaona hakuna kitabu duniani kinachoshinda migongo ya picha za Mjomba. Filamu moja ilikuwa na picha nane tu, naye alizitumia kama mtu anayelamba asali iliyobaki kidogo. Leo moja, mwezi ujao mbili. Filamu ikakaa ndani ya sanduku lile msimu mzima.

Aliyemkwepa ni Babu. Babu alikuwa na koti kuukuu lililotoboka viwiko na kofia aliyoivuta mpaka kwenye nyusi, na kila akiliona lile jicho alilipa mgongo.

"Nitapigwa siku nitakayokuwa sina kazi," alisema.

"Baba, mimi nakutaka ukiwa na kazi."

"Basi utangoja mpaka niwe nayo na wewe huna."

Asubuhi moja Babu alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na banda la mbuzi, anawamba kitanda cha kamba. Kamba ya usumba ameing'ata kwa meno, mguu mmoja kaukandamiza kwenye fremu, anavuta. Mjomba akanyemelea na sanduku lake, akachutama. Babu akamwona. Akatulia kidogo, halafu akaendelea kuvuta kamba bila kugeuka. Kwa Babu hiyo ilikuwa ruhusa, tena ruhusa kubwa.

Mimi nilikuwa ubavuni mwa Mjomba, pua imejaa harufu ya sanduku lile, ngozi na siki. Niliwaza haraka, kama nilivyokuwa nawaza siku zote mambo mabaya. Mjomba ameinama, macho yake yako kwenye kidirisha cha juu, halioni jicho la mbele. Nikinyoosha kidole nikakiweka pale, picha itatoka Babu ameketi, na dole kubwa kama mchi linamchokonoa pua. Tutacheka mwaka mzima! Nikanyoosha. Mjomba akasukuma kile kichuma cha pembeni. Ka!

"Umetoka vizuri, baba."

"Mm," Babu akajibu, kamba mdomoni.

Mwezi haukuisha. Babu alishikwa na tumbo Jumatano, Ijumaa tukawa tunaambiwa tusipige kelele, na Jumamosi sisi watoto tukapelekwa Kibuta kwa mama mkubwa, tukalishwa mihogo ya nazi na kuambiwa tucheze. Nilijua. Mtoto ukiambiwa ucheze, jua kuna jambo. Tuliporudi, matanga yalikuwa yameanikwa na kuanuliwa, na Bibi alikuwa ameingia eda katika chumba cha ndani chenye dirisha la kupitisha mkono, amevaa nyeupe, akae humo miezi minne na siku kumi.

Mimi niliruhusiwa kuingia. "Mume wangu, umekuja?" ndivyo alivyonipokea kila siku, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu, ila sasa neno lilikuwa na uzito ambao sikuutaka.

Siku moja akaniambia kwa sauti ya mtu anayeungama wizi: "Naisahau sura yake. Unasikia? Pua naikumbuka. Macho nayakumbuka. Nikiviweka pamoja vinakataa. Miaka yote ile, mtu namtazama kila asubuhi, kumbe nilikuwa simtazami."

"Itarudi, Bibi."

"Salehe alimpiga picha. Ikija, uniletee wewe kwanza, kabla hawajaishika watu."

Tangu hapo sikulala vizuri. Kila mfanyakazi wa reli aliyepita kijijini kwetu nilimwona kama askari aliyenifuata mimi.

Bahasha ililetwa na kijana mmoja wa stesheni ya Pugu. Mjomba alikuwa ameagiza picha zikitoka kwa Mhindi zisingoje, ziende moja kwa moja kwa mama yake. Nikaipokea mimi, nikaifungulia njiani, nyuma ya migomba. Kuku wengine. Miguu ya Bibi tena. Moshi. Mbuzi. Migongo yote mitupu, Mjomba alikuwa hajaziona. Halafu nikaikuta yangu. Nyeusi tii, ina kivimbe cha kijivu katikati, na kwenye pembe ya chini limechungulia tendegu la kitanda. Hakuna dole linalochokonoa pua. Hakuna pua. Nikakaa chini.

Picha ya mwisho kabisa ndiyo iliyoniinua. Babu! Koti lile, viwiko vile, kofia kwenye nyusi, uso ameuinamisha, kamba mdomoni, yuko juu ya kitanda chake. Nikaruka, wallahi nikaruka kama mbuzi. Nikajiambia, kumbe Mjomba alipiga mara mbili! Mungu ameuona upumbavu wangu akanifunika. Ile nyeusi nikaichomeka katikati ya makuti ya banda, na hii nikakimbia nayo mpaka ndani.

"Bibi! Babu huyu hapa!"

Akaichukua kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, ikabidi aiinue na kuishusha kama anayepima kitambaa.

"Alikonda hivi?"

"Kamera inakondesha watu, Bibi. Hata mbuzi kakonda."

Akacheka. Kicheko cha kwanza tangu msiba, nami ndiye niliyekileta. Nikatoka nje najiona sultani. Picha akailaza chini ya mto wake.

Lakini kila nilipoingia niliikuta mkononi, na kicheko hakikurudi. "Tazama shavu lilivyoingia," aliniambia. "Na shingo hii. Mtu wangu alikuwa anaisha mbele yangu, mimi nampigia kelele kwa nini habebi maji. Kijisanduku cha Salehe kimeona, mimi sikuona. Sikumlisha, mume wangu. Alikuwa anaumwa siku nyingi, nami sikumlisha." Akaanza kurudisha chakula. Mama akileta ugali, yeye anamega tonge mbili, anasukuma sahani. "Yeye alikonda, mimi ninenepe?" Mama akadhani ni msiba tu. Mimi nikaona si msiba tu, ni ile picha, lakini sikujua kosa liko wapi.

Mjomba alipokuja nikamwonyesha zile nyingine, nikamweleza ya Babu iko kwa Bibi. Akaingia kumsalimu mama yake. Alipotoka alinishika mkono akanivuta mpaka kwenye banda la mbuzi.

"Nani kamwambia yule ni Baba?"

"Si Babu?"

"Yule ni Maganga! Siku ya tatu ya msiba, mama kashaingia ndani, hakumwona. Filamu ilibaki na picha moja, nikampiga."

Maganga alikuwa mtani wetu. Ninyi mnajua, sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani msibani hana ruhusa ya kulia. Kazi yake ni kuvaa nguo za marehemu, akohoe kama yeye, agombe kama yeye, mpaka waliofiwa wacheke wapende wasipende. Mimi siku hiyo nilikuwa Kibuta nakula mihogo.

"Lakini koti, Mjomba! Kitanda!"

"Kitanda hicho. Umekitazama? Kamba zimefika mwisho. Baba yangu alikufa kitanda kiko nusu. Maganga ndiye aliyekimaliza, huku anatutukana kwa sauti ya marehemu." Akajifuta uso. "Na ile niliyompiga Baba iko wapi?"

"Haikutoka," nikasema. Haraka sana, lakini Mjomba hakuwa ananisikiliza.

"Nitamwambiaje mama, yuko eda? Siwezi. Akitoka, tutaona."

Kumbe Bibi alikuwa na mpango wake. Siku ya kutoka eda, alisema, ataipitisha picha ile kwa watu wote waione, ili awaombe radhi mbele yao kwamba alimwacha mumewe akonde. Watu wote! Waliomwona Maganga ndani ya koti lile kwa macho yao!

Shule zilipofungwa Mjomba akanichukua Soga. Tulipanda gari moshi Pugu, na kwa mara ya kwanza maishani sikutoa kichwa dirishani. Kesho yake nikamtafuta Maganga kwenye kambi ya wakata mkonge, alikokuwa akiishi. Nilimkuta nyuma ya kambi, anapalia viazi vyake, mwembamba kama mpini aliokuwa ameushika.

"Shikamoo, Mzee Maganga."

"Marahaba, mtumwa wangu. Wamekuleta nikuuze au nikule?"

Nikamweleza yote, mpaka kidole. Alianza kucheka tangu mwanzo, akaegemea jembe, anacheka mpaka kikohozi. Nikamngoja.

"Na akiitazama hiyo picha yangu, bibi yako anasemaje?"

"Anasema ulikonda. Anasema hakukulisha. Sasa na yeye hali."

Kicheko kikamtoka usoni. Akakaa juu ya tuta.

"Mimi nimekonda tangu tumboni mwa mama yangu," alisema. Halafu akanitazama. "Sikiliza. Nilivaa koti lile ua mzima unanitazama, na hakuna hata mmoja asiyejua mzee yuko kaburini. Ndiyo maana walicheka. Wewe umenivalisha mbele ya mtu mmoja, na huyo mmoja hajui. Huo si utani. Huo ni wizi."

"Nenda umwambie wewe, mzee. Wewe mtani."

"Mimi? Nikimwambia atacheka tu. Nyumba yangu ikiungua nikapiga mayowe, Wazaramo watashika mbavu." Akainuka, akashika jembe. "Ni kidole chako, si changu."

Niliporudi nyumbani zilibaki siku chache eda iishe. Nikaichomoa ile nyeusi kwenye makuti, nikapangusa utando wa buibui, nikaingia.

"Mume wangu, umekuja? Soga kuzuri?"

"Bibi, yule si Babu."

"Nani?"

"Wa chini ya mto. Ni Maganga, siku ya tatu. Angalia kitanda, kimekwisha."

Akaitoa picha polepole. Hakuutazama uso. Aliweka ukucha kwenye kamba ya kwanza, akaufuata msuko, kamba kwa kamba, mpaka upande wa pili wa fremu.

"Kimekwisha," akasema.

Kuku alipita mlangoni. Nakumbuka nilimwonea wivu.

"Na yake iko wapi?"

Nikampa. Akaigeuza huku na huku.

"Mbona giza?"

"Ni kidole changu. Nilikiweka kwenye jicho la kamera. Nilitaka tucheke."

Akaisogeza dirishani, karibu kabisa na macho. "Yuko nyuma ya kidole?"

Msinicheke. Wakati ule niliamini hivyo hivyo. Alikuwa ameketi pale, kidole kimepita mbele, kwa hiyo yuko nyuma yake. "Yuko, Bibi. Tendegu hilo hapo linaonekana."

"Basi kiondoe."

Nikachukua ncha ya shati, nikaitemea mate, nikaanza kufuta. Nikafuta kwa duara, kama Bibi alivyonifundisha kufuta masizi ya chungu. Kile cheusi kikalainika, kikatoka kidogo kidogo kama ngozi ya maziwa, na chini yake hapakuwa na koti wala kofia. Palikuwa na karatasi nyeupe. Nikaongeza mate, nikakaza mkono. Bibi alikuwa ananitazama mkono tu, hakunizuia, na nadhani alikuwa anangoja kama mimi.

"Acha," alisema mwishowe. "Acha, mtoto. Utamwumiza."

Akaichukua ilivyo, ina shimo jeupe katikati. Sijui aliiweka wapi. Usiku ule alikula ugali wote, haraka haraka, bila kuinua uso, na Mama akasema Alhamdulillahi.

Siku ya kutoka eda wanawake walimwogesha, wakamvua nyeupe, wakamvika kanga mpya, na ua ukajaa watu na harufu ya wali. Maganga alifika, kofia kaigeuza nyuma mbele, anaulizia mahari yake. Watu walipokwisha keti, binamu yake Bibi akapaza sauti: "Da' mkubwa, tuonyeshe basi hiyo picha ya shemeji! Tunasikia unaye humo ndani."

Mjomba Salehe akainamia vidole vya miguu yake. Mimi nilikuwa karibu na Mama, mikono nimeikunjia makwapani.

Bibi akaingia, akatoka na picha.

"Ya mzee haikutoka," alisema kwa sauti kubwa. "Filamu iliharibika, ndivyo mambo hayo yalivyo. Hii ni ya Maganga. Nimelala na Mnyamwezi chini ya mto miezi hii yote, jamani! Namlilia usiku, namwombea, najinyima na chakula kwa ajili yake, eti amekonda! Maganga, nirudishie machozi yangu!"

Ua ukalipuka. Watu walishikana mabega. Maganga alijitupa magotini mbele yake, mikono juu.

"Mke wangu! Nilijua tu utanikubali! Yule mzee ndiye aliyekuwa anatubania!"

Walicheka wote, mpaka Mjomba, mpaka mwalimu wa madrasa aliyejifanya anakohoa. Mimi midomo ilikuwa imeanza kucheza yenyewe, machozi yako mlangoni. Mama akaniona.

"We, una nini? Mcheshi wetu leo kulikoni?"

Mtu wa pili akageuka, na wa tatu. Nikainua macho, na juu ya vichwa vya watu nikakuta Bibi ananitazama. Mdomo wake ulikuwa umefunguka kwa kicheko kama wa wengine. Macho yake hayakuwa yanacheka hata kidogo. Yalikuwa yamenikazia kama macho ya mtu aliyeteleka maziwa na anaona yanapanda. Nikaelewa. Amesema filamu iliharibika. Nikilia wataniuliza nalia nini, na nikijibu, kidole kitajulikana na ukoo mzima, leo na milele.

Nikacheka. Nilicheka kuliko wote, nikajipiga mapaja, nikagaagaa mavumbini, mpaka wengine walipokwisha nyamaza mimi bado nacheka, na mzee mmoja akasonya.

"Huyu mtoto hana haya. Babu yake hata mwaka hajamaliza."

"Mwacheni," Bibi alisema. "Mwacheni acheke."